Koti la Kafa Ulaya

Nyumbani kwetu Maji ya Chai kuna koti lenye umri mkubwa kuliko mimi. Ni koti la kiume, la sufu, rangi ya kijivu iliyokolea, lina vifungo vinne na vitatu kati ya hivyo si vyake vya kuzaliwa. Bibi, mama yake mama, alilinunua mwaka 1986 kwenye gulio la Tengeru. Bei yake hakuwahi kuitaja kwa shilingi. Alikuwa anasema "kuku wawili, na mmoja alikuwa anataga." Alilileta nyumbani chini ya ndizi, akalificha kwenye pipa la mahindi karibu wiki nzima kabla babu hajajua.

Alificha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: kuku walikuwa wa kwake, lakini yule anayetaga babu alikuwa na hesabu naye. Ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Nguo zile watu waliziita "kafa Ulaya". Yaani Mzungu kafa huko kwao, ndugu zake wamekusanya nguo zake, wamezifunga, wamezitia melini, na wewe mtoto wa Kimeru unakwenda kuvaa nguo za marehemu ambaye hata jina humjui. Alikufa kwa nini? Nani amemzika? Isitoshe, ulikuwa wakati wa hofu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na miaka mitatu baadaye habari zilikuwa zimeshafika kila kijiji, zikiwa zimechanganyika na uvumi wa kila aina. Wapo waliosema ugonjwa unakaa kwenye mishono.

Bibi alilitia koti kwenye maji yanayochemka, pamoja na majivu. Mtu yeyote anayejua sufu ameshashika kichwa. Koti lilinywea. Lakini lilikuwa la mwanamume mrefu, na bibi hakuwa mrefu, kwa hiyo lilivyotoka kwenye kamba siku ya tatu lilimkaa vizuri kuliko siku alipolinunua. Alilivaa kila Julai, ukungu ukishuka kutoka mlimani, mpaka mwaka 2019 alipofariki. Mama alilivaa. Mimi nililivaa bwenini, nikachekwa muhula wa kwanza na kuazimwa muhula wa pili. Sasa lipo kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni na bado halijatoboka.

Kwa msiopajua kwetu: ukitoka Arusha kwenda Moshi, ukapita Tengeru na Usa River, unafika kwenye mto wenye maji ya rangi ya chai ya rangi. Jina la mahali limetoka hapo. Maji yenyewe yana floridi nyingi, mara nyingi zaidi ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linakiruhusu. Ndiyo maana watu wengi wa ukanda huu meno yetu yana rangi ya kahawia, na wapo watoto waliopinda miguu. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikichuja floridi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nalitaja hili kwa sababu huwa nikiwasikia watu wakisema rahisi ni ghali, nacheka bila kufungua mdomo sana. Koti la mashaka limetutumikia karibu miaka 40. Maji ya bure, tuliyoyaona hayana neno, ndiyo yaliyotuharibu.

Turudi kwenye nguo. Neno lenyewe, mtumba, ni la zamani sana kuliko biashara ya nguo zilizovaliwa. Mtumba ni mzigo uliofungwa. Karne ya 19, wapagazi waliokuwa wakitoka pwani, Bagamoyo au Pangani, kwenda bara, walibeba mitumba ya nguo mpya kichwani na begani, kwa sababu huko bara nguo ilikuwa fedha. Ilinunua chakula, ilinunua pembe, ililipa hongo ya kupita kwenye nchi ya mtu. Na nguo iliyotawala ilikuwa merikani, shuka nyeupe isiyopaushwa, nzito, iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na baada ya muda si mrefu jina la nchi likawa jina la kitambaa. Waingereza walijaribu kuiga merikani na kuiuza kwa bei ndogo. Wanunuzi wa bara waliishika, wakaivuta, wakaikataa. Merikani ilipoteza soko si kwa sababu ya kushindwa ubora, bali kwa sababu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, na viwanda vya Uingereza na baadaye Bombay vikaingia kwenye pengo.

Kuna kisa cha karibu zaidi na sisi. Mwaka 1883 msafiri Mskoti, Joseph Thomson, alikuwa anajiandaa kuingia Umasaini. Alipofika Taveta, upande wa pili wa Kilimanjaro, akaelezwa kwamba shanga alizobeba, kwa jinsi zilivyo, hakuna Mmasai atakayezipokea. Lazima zitungwe upya kwa urefu na mtindo unaotakiwa. Msafara mzima ukakaa chini kutunga maelfu ya nyuzi za shanga. Huwa nakikumbuka kisa hiki kila ninaposoma ripoti inayosema Waafrika "wanatupiwa" nguo. Wanatupiwa, ndiyo, mengine ni takataka kweli. Lakini mnunuzi wa huku hajawahi kuwa mtu wa kupokea chochote. Nenda Tengeru Jumamosi uone kina mama wanavyogeuza shati ndani nje, wanavyoangalia kwapa, wanavyovuta zipu mara tatu, wanavyolinyanyua juani kutafuta tundu. Mkaguzi wa forodha hana macho yale.

Sasa, kwa nini mwaka 1986 na si 1976? Mama anasema alipokuwa mtoto nguo za mtumba alizijua kama vitu vya misheni, zinakuja kwenye maboksi, zinagawiwa, haziuzwi. Serikali baada ya Azimio la Arusha la 1967 ilitaka nchi ijivike yenyewe. Tunalima pamba wenyewe, tufume wenyewe. Ulikuwa mpango wa heshima, nasema bila kejeli. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Vikafuata au kupanuliwa vingine: Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, Kiltex iliyokuwa na kiwanda hapa Arusha. Kaka yake mama, mjomba wangu, aliajiriwa mwaka 1978 kwenye kimojawapo cha viwanda vya nguo vya mkoa; sitakitaja, maana nitakayoyasema ni ya familia. Alikuwa fundi wa mashine za kufuma. Picha yake ya mwaka ule ipo: suruali ya pana chini, kalamu mbili mfukoni, mtu ambaye hana shaka na kesho.

Halafu vitu vikaanza kupotea. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Vita vya Kagera vikaja 1978. Bei ya mafuta ikapanda tena mwaka 1979. Fedha za kigeni zikaisha, na bila fedha za kigeni hakuna vipuri, hakuna rangi ya nguo, hakuna mafuta ya kuendeshea mitambo. Wazee wa Maji ya Chai wanasimulia foleni ya duka la kijiji, sabuni kipande kwa kaya, khanga kwa kadi. Ukisikia mtu ana nguo mpya, swali la kwanza lilikuwa ameipata wapi, na jibu mara nyingi lilikuwa Namanga au Holili, usiku. Magendo yalikuwa kazi kama kazi nyingine, ila ya hatari. Machi 1983 Sokoine, Waziri Mkuu, mtu wa Monduli, jirani yetu, akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Watu walitupa sukari mtoni. Bibi aliwahi kuniambia kuna asubuhi mto wetu ulikuwa na jora la kitambaa limenasa kwenye mizizi, na hakuna aliyethubutu kulivuta mchana. "Na usiku?" nikamuuliza. Akanitazama tu.

Katika miaka ile mguu ulivalishwa na tairi. Katambuga, viatu vya kukatwa kwenye matairi yaliyokwisha, vilikuwa vya Wamasai na wachungaji, vya mtu asiye na njia. Uhaba ulipozidi, vikawa vya mwalimu, vya karani, vya mwanakwaya. Arusha tulikuwa na bahati ya aina yake maana General Tyre ilikuwa hapahapa mjini ikitengeneza matairi, ingawa fundi wa katambuga hakuhitaji tairi jipya; alihitaji lililokufa, tena lenye nyuzi za nailoni, si lenye waya wa chuma unaokata kisu na kidole. Wakati huohuo, kwa fedha za Benki ya Dunia, nchi ilikuwa inajenga kiwanda kikubwa cha viatu Morogoro, ambacho mpango wake ulikuwa kuuza asilimia 80 ya viatu vyake nje. Soko la nje halikupatikana, mashine hazikufanya kazi ipasavyo, na kiwanda kikafa kikiwa kimetumia sehemu ndogo sana ya uwezo wake. Katambuga bado zinauzwa mjini Arusha leo. Watalii wanazinunua kama zawadi. Babu alizikwa akiwa ameacha jozi mbili. Moja mjomba anaivaa shambani mpaka kesho.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya makubaliano yaliyofikiwa Arusha. Sokoine akafa kwa ajali Aprili 12, 1984. Na bajeti ya Juni mwaka huo ikafanya jambo ambalo mwaka mmoja nyuma lingempeleka mtu jela: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje, na hakuna atakayemuuliza fedha alizipata wapi. Mwaka uliofuata Mwinyi akaingia Ikulu. Watu wakamwita Mzee Ruksa. Meli zikaanza kuleta vitu, na ndani ya vitu hivyo zilikuwemo nguo zilizovaliwa, zimebanwa kwenye marobota. Ndiyo njia ambayo koti la mwanamume mrefu asiyejulikana lilipitia mpaka likakutana na kuku wa bibi.

Hofu ya "kafa Ulaya" haikudumu. Sijui kama kuna anayeweza kusema ilikufa siku gani. Mama anadhani ilikufa shuleni: mtoto mmoja akija na sweta zito asubuhi ya baridi, mwenzake anayetetemeka hawezi kurudi nyumbani kusema nguo za maiti zinaua. Jina likabadilika taratibu, likawa mtumba, neno lisilo na jeneza ndani yake. Hata ule ubishi wa kwamba nguo ni za wafu ulikuwa na kosa lake. Nyingi ni za watu walio hai ambao wamechoka kuziona. Wanazitoa kama sadaka au kuzitupa kwenye makasha ya barabarani, mashirika ya hisani yanauza kwa kilo kwa makampuni ya kuchambua, makampuni yanazipanga kwa aina na daraja, yanazibana, yanauza tena. Nilipoanza kazi ya uandishi nilimweleza bibi mlolongo huu wote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo yule mtu anaweza kuwa hai, na ana baridi."

Mjomba hakuwahi kulivaa lile koti. Hata siku moja.

Kiwanda chake kilianza kusuasua mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikasimama na kuanza tena, na katikati ya miaka ya 1990 kikafunga kabisa. Miezi ya mwisho walilipwa kwa nguo. Alikuja Maji ya Chai na majora matatu ya kitambaa cha pamba begani, ndiyo mshahara na kiinua mgongo vyote, na akakuta dada yake, yaani mama yangu, amemwaga mitumba kwenye turubai uani anaichambua. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza biashara. Ugomvi wa siku ile sikuuona vizuri kwa umri wangu, lakini nimeusikia ukirudiwa mara nyingi kiasi kwamba naweza kuusimulia kwa sauti zote mbili. Mjomba: mitumba ndiyo iliyotuua, na wewe unaiuza kwenye ua wa baba yetu. Mama: watoto wako wanavaa nini? Kimya. Kwa sababu walikuwa wamevaa mitumba.

Nimekuwa nikijiuliza kama mwandishi, si kama mpwa, ni nani alikuwa sahihi. Tukifuata tarehe, viwanda vilikuwa vinaugua kabla robota la kwanza halijashushwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vingi vilikuwa vinafanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake. Umeme ulikatika, vipuri havikuja, pamba ilikaa kwenye maghala ya ushirika kwa kukosa usafiri, na kitambaa kilichotoka kilipangiwa bei na kugawiwa kwa kibali, kwa hiyo hata ubora ulikuwa hauna anayeuogopa. Mjomba mwenyewe, ukimpata jioni akiwa ametulia, atakuambia kuna wakati alikaa wiki nzima akisubiri kipuri kimoja kutoka nje, anafuta vumbi kwenye mashine ili msimamizi asimwone amekaa. Kusema mtumba ulikikuta kiwanda kizima ukakiua si kweli.

Lakini naye ana lake. Mageuzi ya mwaka 1986 na kuendelea yalipoanza kuleta vipuri na fedha za kigeni, kile ambacho viwanda vilikuwa vinakisubiri miaka yote, mteja alikuwa ameshaondoka. Alikuwa Tengeru, anageuza shati ndani nje. Huwezi kumlaumu mteja. Shati la mtumba lilikuwa na mshono imara, rangi isiyochuja, na bei ya nusu. Pia kulikuwa na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia, baadhi zikiingia bila ushuru kamili. Mgonjwa aliyeanza kupata nafuu akakuta chakula chake kimeliwa. Viwanda vilivyobaki hai vilitafuta pa kupita: A to Z hapa Arusha, kwa mfano, ikageukia vyandarua vyenye dawa na kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa vyandarua barani. Si kila kiwanda kilikuwa na chandarua chake.

Majora yale matatu bibi aliyapangia kazi. Moja likawa mashuka, moja likauzwa. Kutoka la tatu alikata kipande akampelekea fundi cherehani, maana bitana ya koti ilikuwa imechanika kwapani. Kwa hiyo ukilifungua leo, nje ni sufu ya Ulaya na ndani ni pamba ya kiwanda cha mjomba, nyeupe iliyogeuka manjano. Mjomba anajua. Hajawahi kulizungumzia.

Machi 2, 2016, marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana kwenye hoteli ya Ngurdoto, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Mkutano ule unakumbukwa zaidi kwa sababu ndipo Sudan Kusini ilipokubaliwa kuwa mwanachama. Ila ndani ya maazimio yake kulikuwa na hili: nchi wanachama zinunue nguo na viatu vinavyotengenezwa ndani ya ukanda pale ubora na wingi unaporuhusu, kwa lengo la kuondoa uagizaji wa nguo na viatu vilivyotumika ndani ya miaka mitatu. Ilikuwa Jumatano, siku ya gulio la Tengeru. Mama alikuwa kwenye daladala na belo lake juu ya keria, wamesimamishwa Usa River zaidi ya saa nzima ili misafara ipite. Alifika sokoni wateja wazuri wameshaondoka. Jioni nikamsomea azimio kwenye simu. Akauliza swali moja: "Wamesema tutauza nini?"

Kilichofuata kimeandikwa sana, nitapita haraka. Ushuru wa mtumba ukapandishwa maradufu, kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi 40. Chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani kikalalamika kwa serikali yao mwaka 2017 kwamba ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini, na Washington ikatishia kuzitoa nchi zetu kwenye AGOA, mpango uliokuwa ukiruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda pekee ikashikilia, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo. Binafsi naona aibu kidogo nikilisoma jambo hili upya. Si kwa sababu ya kuogopa kitisho, wadogo huogopa. Ni kwa sababu kati ya Machi 2016 na siku tuliyorudi nyuma sikuona mpango wowote wa kumwambia mama yangu atauza nini, wala mjomba wangu kiwanda gani kitafunguliwa. Kilichobaki ni ushuru, na marufuku ya zamani ya TBS kwa nguo za ndani, ambazo bado utazikuta sokoni chini ya turubai ukiuliza kwa sauti ndogo.

Nimtetee mama kidogo, maana watu hudhani mtumba ni biashara ya kuokota. Belo la kawaida lina kilo 45 hivi. Unalinunua limefungwa. Nje kuna karatasi inayosema ni la nini, tuseme fulana za watoto au mashuka, na daraja lake, na jina la kampuni iliyochambua. Baada ya miaka unajua kampuni gani inasema kweli. Hulifungui kabla ya kulipa. Ukilifungua mbele ya wachuuzi wadogo, wao wanagombania chaguo la kwanza kwa bei ya juu, na hapo ndipo fedha yako inarudi au hairudi. Zinazobaki zinamwagwa chini: buku buku, chagua mwenyewe, mama karibu, kaka usiogope. Kuna mwaka alinunua belo la "mablauzi gredi A" akakuta nusu yake ni majoho ya kuhitimu chuo, meusi, ya chuo kimoja cha huko Kanada. Alilia. Wiki ya pili akaja mwalimu wa chekechea, akachukua yote, akayakata mafupi. Mahafali ya chekechea hiyo tangu hapo yana majoho kama ya madaktari wa falsafa.

Mlima nao una soko lake. Makoti mazito yanayododa Dar es Salaam, kwa sababu nani atavaa sufu Kariakoo, yanapandishwa huku na Moshi. Vijana wa kwetu wanaobeba mizigo ya watalii kupanda Meru kupitia Momella, au Kilimanjaro, wanavaa mitumba kuanzia soksi mpaka kofia. Jirani yetu mmoja alinunua jaketi la manyoya ya bata kwa elfu nane, zipu mbovu. Akabadilisha zipu. Mgeni wake mmoja alilikagua kambini akamwambia jipya linauzwa dola zaidi ya mia nne. Alisimulia kisa hicho kijiweni mwezi mzima, na tangu hapo mama akipata jaketi la aina ile haliweki kwenye turubai tena, analitundika.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani. Mjomba alikuja asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, manyunyu. Shikamoo, marahaba, akakaa jikoni karibu na moto. Sasa ana miaka zaidi ya 65 na kifua kinamsumbua. Mama akatoka kwenda kuangalia ng'ombe, na kabla ya kutoka akalichukua koti kwenye msumari akaliweka kwenye kiti kando ya kaka yake, bila kusema kitu. Niliendelea kumenya viazi. Baada ya muda nikamwona amelifungua na anaangalia ndani, anaisugua bitana kati ya kidole gumba na cha shahada, kama wanavyofanya wale kina mama wa Tengeru.

"Hii uzi wake ni mzuri," akasema. "Hizi tulifuma kabla mashine namba nne haijaharibika."

Kisha akalikunja, akaliweka magotini, akaomba chai. Mama aliporudi wakaanza kuongea kuhusu belo la Jumanne. Dola imepanda, muuzaji wa jumla ameongeza bei, na karatasi ya nje inasema ni nguo za watoto.